Reti Huhesabiwa Namna Gani, na Nani Huilipa?

(Hotuba iliyotolewa kwa wanachama katika mkutano wa tawi la Nairobi. Maswali na majibu yamewekwa mwishoni.)



Kamati ya tawi imeniomba nizungumze juu ya kodi ya viwanja, ambayo sote tunaiita reti. Pale mlangoni baadhi yenu mmeniambia ya kwamba hiyo ni habari ya matajiri wenye magorofa, na ya kwamba mfanyakazi anayelala chumba kimoja Kayole au Mukuru haimhusu. Basi nitaanza hapo hapo. Mwanachama anayekaa chumba cha kupanga hatumiwi bili ya reti, wala jina lake haliko katika daftari la kaunti. Lakini mwenye nyumba hulipa reti kwa pesa za kodi, na kodi hutoka katika mshahara wetu. Na kwa kuwa mpangaji haioni bili yenyewe, anaweza kuambiwa lolote. Siku keateka anapopita mlango kwa mlango akisema, "Reti imepanda, kwa hiyo kila chumba kitaongezwa mia tano," ni nani kati yetu anayeweza kuchukua kalamu akamjibu?

Leo tutachukua kalamu. Hesabu yenyewe si ngumu kuliko ile ya ovataimu, na ovataimu nawajua hamkosei hata senti.

Reti ni vitu viwili vinavyozidishwa. Kuna thamani ya kiwanja, na kuna kiwango kinachotozwa kwa kila shilingi mia ya thamani hiyo. Thamani hukadiriwa na mthamini. Kiwango hupitishwa na wale tuliowapigia kura. Hizo ni kazi mbili, zinafanywa na watu mbalimbali na kwa nyakati mbalimbali, na mtu asiyezitenganisha hudanganywa kwa urahisi. Atasikia kiwango kimeshushwa afurahi, kumbe thamani imepandishwa mara mia.

Tuanze na thamani. Katika nchi yetu, miji karibu yote imezoea kutoza ardhi peke yake bila kuhesabu nyumba iliyo juu yake. Sheria za zamani, ile ya uthamini ya mwaka 1956 na ile ya reti iliyoifuata, ziliruhusu majengo nayo yatozwe, lakini halmashauri zetu zilishika desturi ya ardhi tupu, na desturi hiyo Nairobi inayo tangu wakati wa wakoloni. Mthamini anaangalia ukubwa wa kiwanja, mahali kilipo, matumizi yanayoruhusiwa hapo, na bei ambazo viwanja vya jirani vimeuzwa. Halafu anafanya kama kwamba hakuna jengo. Kama kiwanja kina gorofa nane, anazifuta akilini mwake. Kama kina vyumba vya mabati, anavifuta pia. Kinachobaki ni bei ya udongo.

Kwa hiyo majirani wawili wenye viwanja sawa, katika barabara moja, hulipa reti sawa, hata kama mmoja amejenga vyumba themanini na mwingine anapanda sukuma wiki. Wengi wenu mnatikisa kichwa. Mimi kwa upande wangu naona desturi hii ina haki ndani yake kuliko inavyoonekana. Bei ya kiwanja cha Nairobi haikutengenezwa na mwenye kiwanja. Imetengenezwa na barabara, na mfereji wa maji, na maelfu ya watu wanaoamka saa kumi za usiku kwenda kazini karibu na hapo. Mtu akizungushia ua kiwanja kitupu miaka ishirini akingoja bei ipande, anangojea jasho la wengine, na ni vizuri alipe sawa na yule aliyejenga nyumba watu wakapata pa kulala. Lakini iko shida moja ya kweli. Mzee aliyenunua ploti yake kwa malipo ya kustaafu, akajenga vyumba vitatu, anaweza kuona thamani ya ardhi ikipanda kwa sababu ya barabara kubwa iliyopita karibu, na pato lake likabaki pale pale. Bili inakua, mfuko haukui. Mzee kama huyo sheria haimwangalii vizuri, na chama chetu kingefaa kumsemea.

Thamani zote huandikwa katika daftari la thamani. Sheria ile ya 1956 ilisema daftari jipya litengenezwe angalau kila miaka kumi, isipokuwa Waziri akikubali muda mrefu zaidi. Sasa sikilizeni. Nairobi ilitumia daftari la mwanzoni mwa miaka ya themanini kwa muda wa miaka arobaini hivi. Kiwanja kilichoandikwa Shs. 30,000/- wakati ule kiliendelea kuandikwa Shs. 30,000/- watoto wakazaliwa, wakasoma, wakaoa. Thamani ilipolala, Jiji lilikuwa na njia moja tu ya kupata pesa, nayo ni kupandisha kiwango, mpaka kikafika asilimia 34. Hiyo ni Shs. 34/- kwa kila Shs. 100/- ya thamani. Kisha daftari jipya lilipoanza kutumika mwaka 2023, kiwango kilichotangazwa kilikuwa asilimia 0.115, yaani senti 11 na nusu kwa kila Shs. 100/-.

Kutoka 34 mpaka 0.115! Mtu aliyesikia redioni angedhani reti imefutwa. Lakini chukueni kiwanja kimoja, mfano wangu tu. Katika daftari la zamani kiliandikwa Shs. 30,000/-. Asilimia 34 ya hizo ni Shs. 10,200/- kwa mwaka. Katika daftari jipya tuseme kimeandikwa Shs. 12,000,000/-. Asilimia 0.115 ya hizo ni Shs. 13,800/- kwa mwaka. Kiwango kimeshuka na bili imepanda. Kwa kiwanja kingine kilichokuwa na thamani kubwa toka zamani bili ingeweza kushuka. Ndiyo sababu nasema, mtu akiwaambia habari ya asilimia peke yake, mwulizeni ni asilimia ya nini.

Sasa turudi kwa yule keateka. Tuseme kiwanja hicho kina vyumba ishirini. Reti imeongezeka kutoka Shs. 10,200/- mpaka Shs. 13,800/-. Ongezeko ni Shs. 3,600/-. Gawanyeni kwa vyumba ishirini, kila chumba ni Shs. 180/- kwa mwaka. Gawanyeni kwa miezi kumi na miwili: Shs. 15/- kwa mwezi. Hiyo ndiyo reti iliyopanda. Keateka amekuja na mia tano. Mia tano mara vyumba ishirini mara miezi kumi na miwili ni Shs. 120,000/- kwa mwaka, ili kulipia ongezeko la Shs. 3,600/-. Zile Shs. 116,400/- zinazobaki si reti, na kaunti haizijui.

Sisemi kila mwenye nyumba ni mwongo. Maji yamepanda, stima imepanda, na wako wenye nyumba waliokopa benki. Kama sababu ni hiyo, na aseme hiyo, tuzungumze. Tena wachumi wanatuambia jambo la kufaa: kodi ya ardhi tupu ni ngumu kumsukumia mpangaji, kwa sababu mwenye nyumba hutoza kile ambacho soko linakubali, na kama angaliweza kupata mia tano zaidi mwaka jana, angalizichukua mwaka jana bila kungojea reti. Mahali vyumba ni haba, neno reti linatumika kama kisingizio tu. Mkiulizwa, ombeni mwonyeshwe bili ya reti. Ni karatasi moja, ina namba ya kiwanja na jumla ya mwaka.

Tuje kwenye kiwango. Hiki hakishuki kutoka mbinguni. Kaunti hutengeneza makisio yake ya mwaka: mishahara, dawa za zahanati, taa za barabarani, takataka. Inatoa hesabu ya pesa zitakazotoka Serikali Kuu na zile za vibali na maegesho. Pengo linalobaki linatakiwa lizibwe, na sehemu yake huzibwa na reti. Chukueni mji mdogo wa mfano. Thamani ya viwanja vyote katika daftari ni Shs. 800,000,000/-. Wakubwa wa mji wanataka Shs. 4,000,000/- kutoka kwa reti. Gawanyeni: ni senti 50 kwa kila Shs. 100/-. Hiyo ni nusu asilimia. Hesabu imekwisha.

Imekwisha kwenye karatasi. Lakini katika viwanja hivyo, viko visivyotozwa. Sheria kwa miaka mingi imesamehe nyumba za ibada, makaburi, mashule, mahospitali ya hisani na viwanja vya michezo, na hilo halina ubishi mkubwa. Viko pia viwanja vya Serikali. Serikali hailipi reti kama mtu binafsi, inatoa mchango badala ya reti, na kaunti zimelalamika muda mrefu ya kwamba mchango huo hauji wote. Halafu wako wakubwa ambao hawalipi tu. Wanangoja. Wanajua ya kwamba mara kwa mara kaunti hutangaza msamaha wa riba ili watu walete deni, basi wanakaa na pesa yao mpaka msamaha ufike. Aliyelipa kwa wakati hapewi chochote ila risiti.

Nusu ya viwanja visipolipa, mji wetu wa mfano unapata Shs. 2,000,000/- mahali pa nne. Zile mbili nyingine zitatoka wapi? Kupandisha kiwango ni kuwaongezea wale wale wanaolipa. Kumpeleka mkubwa kortini kunachukua miaka. Njia rahisi ni askari wa kanjo na kitabu cha tiketi, asubuhi, langoni pa soko. Mama anayeuza nyanya hawezi kungoja msamaha wa riba. Asipolipa leo hauzi leo. Tuseme tiketi ni Shs. 50/- kwa siku, na mama huyo anauza siku 300 kwa mwaka. Analipa Shs. 15,000/-. Kile kiwanja chetu cha milioni kumi na mbili kinalipa Shs. 13,800/-. Mama mwenye debe tatu za nyanya ameizidi ploti ya vyumba ishirini kwa Shs. 1,200/-, na pengine yeye ndiye mke wa mmoja wenu, na hizo pesa ni za chakula cha nyumba ile ile inayoongezewa kodi mia tano.

Habari hii si mpya mjini hapa. Wazee wanakumbuka. Zamani za ukoloni, watu wa Kaloleni, Ziwani na Shauri Moyo waliambiwa ya kwamba hawalipi reti, kwa hiyo hawana haki ya kuuliza juu ya mambo ya mji. Walikuwa wakilipa kodi ya nyumba za halmashauri, na kodi ya kichwa juu yake. Tena tangu miaka ya ishirini halmashauri ilishika peke yake biashara ya pombe ya Kiafrika, na faida ya vilabu hivyo ndiyo iliyotiwa katika mfuko wa kuwahudumia Waafrika. Yaani mfanyakazi alijijengea ukumbi wake kwa kunywa. Mwaka 1950, Nairobi ilipopewa hadhi ya jiji, East African Trade Union Congress ya akina Fred Kubai na Makhan Singh iliwaambia wafanyakazi wasishiriki katika sherehe zile. Baada ya uhuru ikaja kodi iliyopanda kwa kufuata mshahara, ikafutwa katika miaka ya sabini, na mwishoni mwa miaka ya themanini ukaja ushuru wa huduma uliokatwa katika mshahara kabla hujauona. Huo nao umekwenda. Lakini mnaona tabia yake: wenye ardhi wakikawia kulipa, mkono hurudi kwenye mshahara na kwenye soko.

Katiba ya mwaka 2010 imeweka mipaka. Kaunti ina haki ya kutoza reti na kodi ya burudani, na ada kwa huduma inazotoa. Kodi nyingine yoyote lazima iruhusiwe na sheria ya Bunge. Na hakuna kodi inayoweza kutozwa kwa amri ya mdomo ya mkubwa yeyote. Lazima kuwe na sheria. Ada maana yake ni huduma. Kama soko halina choo wala maji wala paa, ni haki kuuliza ile tiketi ni ada ya nini.

Mwaka 2024 Bunge lilipitisha sheria mpya ya kitaifa ya reti, ikachukua mahali pa zile mbili za zamani. Uzi wake ni ule ule: daftari, thamani, kiwango, na nafasi ya kupinga. Neno hili la kupinga ndilo nililotaka mlishike kwa mikono miwili. Daftari jipya linapotengenezwa halianzi kazi siku hiyo. Linatangazwa na kuwekwa wazi watu walitazame, na tangazo linataja siku za kupeleka pingamizi. Chini ya sheria ya zamani zilikuwa siku 28. Mwenye ploti asipokwenda katika siku hizo, atakaa na thamani hiyo miaka. Makampuni makubwa hupeleka wathamini wao wenyewe na mawakili. Sisi tunapata habari baada ya bili. Na kiwango nacho hupitia kwenye Muswada wa Fedha wa kaunti kila mwaka, na wananchi lazima wapewe nafasi ya kusema. Mikutano hiyo hufanywa siku za kazi, saa za kazi. Sijui ni nani aliyepanga saa hizo, lakini hakuwa mfanyakazi wa kiwandani. Kwa hiyo kamati itapeleka watu wawili kwa jina la tawi, na itaomba ruhusa yao kwa mwajiri mapema.

Nimalizie na wale kati yenu wenye ploti au wanaolipia ploti kidogo kidogo. Wengi mmenunua kwa makampuni ya ardhi, mkapewa cheti cha shea. Hati ya ardhi nzima iko kwa jina la kampuni. Reti ya ardhi nzima inahesabiwa katika akaunti moja ya kampuni. Ninyi mmemaliza kulipa shea yenu, mmejenga, mmekaa, na hamjawahi kuona bili, basi mnadhani hakuna reti. Iko, na riba yake inaongezeka kimya kimya. Siku mnapotaka hati zenu wenyewe, mtaulizwa cheti cha kaunti cha kuonyesha ya kwamba reti yote imelipwa, kwa maana bila cheti hicho msajili wa ardhi haandikishi uhamisho. Hapo ndipo watu mia tatu wanagundua deni la miaka ishirini. Nendeni sasa na namba ya ardhi ya kampuni mkaulize deni ni kiasi gani, kabla halijawa kubwa kuliko shea zenyewe. Tena msichanganye reti na kodi ya ardhi ya Serikali Kuu, ile inayolipwa na mwenye hati ya kukodishwa. Hizo ni mbili, risiti mbili, ofisi mbili. Aliyelipa moja hajalipa nyingine.

MASWALI

Mwanachama mmoja aliuliza: watu wa kaunti wakija kuufunga mlango wa jengo kwa sababu mwenye nyumba hajalipa reti, mpangaji afanye nini?

Jibu: Deni ni la mwenye ardhi, si la mpangaji. Sheria ya zamani iliiruhusu kaunti kumwandikia mpangaji apeleke kodi yake kwa kaunti mpaka deni liishe, na kodi aliyolipa hivyo ilihesabiwa kama amemlipa mwenye nyumba. Ikija barua ya namna hiyo, isomeni, pigeni picha, ileteni ofisini kwetu siku ile ile. Mtu akija bila barua akitaka pesa mkononi, msimpe hata shilingi. Malipo ni kwa akaunti ya kaunti tu, na risiti mzitunze.

Swali lililoletwa na ndugu aliyehamia kutoka Mombasa: Kwao Majengo nyumba ni yake lakini ardhi ni ya mtu mwingine, naye humlipa mwenye ardhi kila mwezi. Je, yeye ni wa kulipa reti?

Jibu: Daftari linamtafuta mwenye ardhi. Mwenye nyumba bila ardhi hayumo, kwa hiyo hapati bili. Lakini hapati pia tangazo la thamani mpya, na hana sauti wakati wa pingamizi, ingawa mwenye ardhi akipandishiwa atampandishia yeye. Hatari iliyo kubwa zaidi ni ardhi kuuzwa juu ya kichwa chake kwa sababu ya deni ambalo hakulijua. Ndugu huyo aombwe aulize namba ya kiwanja kile na kiasi cha deni kilicho juu yake, yeye na majirani zake pamoja, na barua yao iandikwe na ofisi ya chama.

Swali: Kama mwenye nyumba anakataa kuonyesha bili ya reti?

Jibu: Mwandikieni kwa majina ya wapangaji wote, si jina la mmoja. Barua za namna hiyo zimechapwa tayari, ziko kwa karani wa tawi, kila siku baada ya saa kumi na moja jioni.